Laini ya Kaltuma

Monique, jirani Mkongo, hakubisha hodi siku hiyo. Alipita mlangoni na beseni la mandazi bado kichwani, akalitua katikati ya sebule, akatoa simu kifuani na kusema, "Papa Sharifah, zima redio."

Mzee Kamis aliizima kwa shingo upande. Tangu mkewe afariki, kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye kochi lile, pale Kansanga nyuma ya baa zinazopiga muziki mchana kutwa, akisikiliza redio na kuijibu. Mheshimiwa akisema barabara zitajengwa, Kamis alimuuliza, kwa lami gani? Mheshimiwa akisema vijana wapate ajira, alimwambia, mtafutie kwanza mwanao tuone. Alikuwa ameendesha malori mpaka macho yakachoka, na waliompa leseni ndio haohao waliomnyang'anya.

"Haya, imezimika. Sema."

"Ni Victoire, mtoto wa dada yangu, yule aliyeko Uarabuni. Ametuma sauti. Jalia yuko? Na yeye asikie."

Jalia alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye sketi. Alikuwa binti wa pili wa Kamis, mdogo wa Sharifah aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, mwanafunzi wa chuo cha Kyambogo, na ndiye aliyekuwa fundi wa simu wa ukoo mzima. Kila Ijumaa baada ya swala alituma dondoo kwenye kundi la familia: namna ya kuifanya simu isimalize chaji upesi, kwa nini usimtajie mtu namba ya siri hata akijiita meneja, namna ya kukuza maandishi kwa wenye macho mabaya. Alizituma kwa sauti, kwa kuwa baba yake aliacha shule darasa la tatu, na shangazi zake waliziona herufi kama mchwa ukutani. Walimwita Profesa. Walimtania sana, lakini alichosema walikifanya.

Monique alibonyeza, na Victoire akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayechungulia mlango.

"Tantine, nimemuona Sharifah wa Papa Kamis. Tulienda na madamu kwa ndugu zake, mji mwingine kabisa, si huku kwetu. Nyumba ya jirani nikamuona anatupa takataka. Amekonda, Tantine. Walimunyang'anya simu, na pasipoti iko kwao. Kichwani hana namba ya mtu yeyote ila ya mama yake. Kuna mpishi wa jirani anamwazima simu kwa siri, dakika moja, mbili. Anapiga, anapokea mwanamke asiyemjua, anamwambia maneno mabaya. Anasema mama awashe simu yake. Anasema anavumilia kwa ajili ya mama tu. Sisi tulisharudi, hata jina la mtaa sikushika. Munisamehe."

Sauti ilikatika. Nje, baa moja ilibadilisha wimbo.

"Anasema mama awashe simu," Monique alirudia polepole. "Papa Sharifah. Hamujamwambia?"

Hawakuwa wamemwambia. Katika ukoo wa Kamis, Wanubi wa tangu babu, habari ya kifo haipigwi simu. Inapelekwa kwa miguu. Anakwenda mtu mzima, anamshika aliyefiwa mkono, ndipo anafungua kinywa, na nyuma yake wanasimama wanawake wawili wa kumdaka akianguka. Ugonjwa wa sukari ulipommaliza Kaltuma, mke wa Kamis, wazee walikaa mkekani wakaulizana: huko Uarabuni, nani atamdaka Sharifah? Hakuna. Basi asiambiwe mpaka arudi. Kamis aliitika. Kuanzia hapo, kila Sharifah alipopiga kwenye simu ya Jalia, mama alikuwa amelala, mama alikuwa Bombo kwa dada yake, mama ana kikohozi na daktari amemkataza kusema. "Dawa inamsaidia," Kamis alikuwa akimwambia. "Anakula vizuri." Halafu Sharifah akaacha kupiga, na wao, Mungu awasamehe, wakapumua.

"Msihangaike," Kamis alisema, akainuka akishika kiuno. "Kama anataka namba ya mama yake, ninayo. Laini ya Kaltuma ipo."

Alirudi kutoka chumbani na kopo la maziwa ya unga lililokuwa na hati ya kiwanja na vyeti vya zamani. Siku ya arubaini, vitu vya marehemu vilipogawanywa ili visikae ndani ya nyumba, simu ya Kaltuma ilimwangukia mdogo wake Nuriat, pamoja na mashuka mawili na kikapu cha harusi. Wiki hiyohiyo dondoo ya Jalia ilisema: ukimpa mtu simu, toa laini kwanza. Kamis aliitoa. Aliivingirisha kwenye nailoni, akaifunga kwenye pindo la leso ya mkewe, akaizika chini ya hati ya kiwanja, mahali ambapo mtu mwenye akili huweka kitu asichotaka kipotee.

"Hata panya hajainusa," alisema, akaifungua leso kwa fahari.

Jalia aliichomeka kwenye simu yake. Wote watatu waliinamia kioo kidogo kile kama watu wanaongoja chungu kichemke. Hakuna kilichotokea. Aliitoa, akaipuliza, akairudisha.

"Baba, hii imo kwenye kopo tangu arubaini?"

"Tangu siku ileile. Sijaigusa."

"Ndio ubaya wenyewe. Hujaigusa." Aliketi juu ya mkono wa kochi. "Laini isipotumika miezi mitatu, kampuni inaifunga. Ikikaa kidogo, namba wanamuuzia mtu mwingine."

"Wanamuuziaje? Ni ya mama yako."

"Haikuwa yake, Baba. Wanatuazima tu."

"Kumbe! Na wewe ndiye uliyesema niitoe!"

"Nilisema uitoe uitie kwenye simu nyingine."

"Hukusema hivyo!"

Jalia alijaribu kuikumbuka sauti yake mwenyewe ya Ijumaa ile. Kweli hakusema. Kwake jambo lile lilikuwa kama kumwambia mtu aweke ndoo chini ya bomba kabla ya kulifungua. Haikumpitia akilini kwamba kuna atakayehitaji kuambiwa.

Monique aliinua beseni lake. Mandazi yalikuwa yamepoa. "Huyo mwanamke anayepokea," alisema, "sasa ndiye mama wa Sharifah. Mutafuteni."

* * *

Kwenye ofisi ya kampuni ya simu, mlinzi alitazama viatu vya Kamis kabla ya kumtazama uso. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha na tope la kilima cha Kansanga lilikuwa limemganda soli zote mbili.

"Mzee, kanyaga pale kwanza. Pale, kwenye gunia."

Kamis alikanyaga gunia mbele ya watu kama ng'ombe anayeingizwa joshoni. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, viti vya rangi ya machungwa, na mabango ya watu wanaocheka na simu zao. Binti mmoja aliyevaa fulana ya kampuni alimsemesha Kiingereza, akaona haelewi, akahamia Luganda. Kamis alimjibu kwa Kiswahili, makusudi, kwa sauti ya dereva. Watu wawili wakageuka. Katika mji huu Kiswahili kikisikika ofisini, mtu hupapasa mfuko wake kwanza, akidhani ni askari au mwizi.

Zamu yao ilipofika walikaa mbele ya kijana aliyebandikwa jina Cleopas kifuani. Alikuwa na adabu, na hilo lilimuudhi Kamis zaidi.

"Karibu, Hajji. Tatizo?"

Kamis hakuwahi kuiona Maka ila kwenye kalenda, lakini alichoka zamani kuwasahihisha. Akaeleza. Jalia akaongezea. Cleopas alitingisha kichwa muda wote, vidole vikicheza kwenye kompyuta.

"Mwenye laini ni nani?"

"Mke wangu, Kaltuma."

"Basi aje yeye mwenyewe na kitambulisho. Tunahitaji dole gumba lake."

"Amefariki. Si nimekwambia sasa hivi?"

"Oo. Pole sana, Hajji. Basi lete cheti cha kifo, na barua ya korti kwamba wewe ndiye msimamizi wa mali yake."

"Mali gani, na ni namba ya simu?"

"Ndio utaratibu."

"Nikiileta hiyo barua, mtanirudishia namba?"

Cleopas alibonyeza mahali pawili, akasogelea kioo. "Hapana. Namba tayari ina mteja."

"Sasa barua ya kazi gani?"

"Hajji, umeuliza namna ya kurudisha laini. Nimekujibu namna ya kurudisha laini."

Nyuma yao mtu alikohoa cheko. Jalia alimshika baba yake kiwiko, lakini Kamis alishaanza kupanda mlima wa hasira.

"Kabla ya kuiuza mlimuuliza nani? Mtu anakufa, hata arubaini ya mwili wake haijapoa, nyinyi mnahesabu siku zenu muuze kilichokuwa kinywani mwake! Mlishindwa hata kutuarifu?"

"Tunatuma ujumbe wa onyo, Hajji. Kila mteja anatumiwa."

"Mliutuma wapi?"

Cleopas alisita. Alikuwa kijana mwenye adabu, na jibu lilimtoka kwa sababu hakufundishwa kusema uongo.

"Kwenye namba hiyohiyo."

Safari hii hakuna aliyejizuia. Walicheka mpaka binti wa fulana akacheka, na mlinzi mlangoni, asiyejua kinachochekwa, naye akatoa meno. Kamis alisimama. Alitaka jina la aliyepewa namba. Cleopas akasema hiyo ni siri ya mteja. Alitaka meneja, meneja alikuwa kwenye mkutano. Watu wa namna hiyo wako mkutanoni tangu nchi ilipopata uhuru.

* * *

"Wote ni baba mmoja, mama mmoja," Kamis alifoka barazani, mvua ikianza tena. "Wakala aliyempeleka dada yako ana muhuri wa serikali ukutani, leo mlango wake una kufuli. Nikienda ofisi hii, wananiambia nenda ile. Ile inaniambia nenda hii. Mtoto wa mtu yuko nyuma ya geti la Mwarabu, na wao wanapokezana mimi kama mpira."

"Baba, tulia. Nipe nipige mimi."

Lakini alishaanza kupiga. Hakuhitaji kuitafuta namba. Ilikuwa ndiyo namba pekee aliyowahi kuihifadhi kichwani, tangu enzi za kupiga kutoka mipakani, Malaba na Elegu, kumwambia Kaltuma aweke maji ya kuoga. Iliita. Ilipokelewa. Nyuma ya sauti kulikuwa na mashine ya mtumbwi ikikohoa, na watu wakiitana bei.

"Haloo?"

Miezi yote hiyo namba ile ilikuwa maiti. Sasa ilikuwa na pumzi ndani yake, na Kamis akaigandamiza sikioni kuisikiliza.

"Haloo! Nani?"

"Mama, samahani, hiyo namba ni ya mke wangu, Kaltuma..."

"Nyinyi tena! Kaltuma, Kaltuma, kila siku Kaltuma! Mimi si Kaltuma! Mnaniharibia biashara! Na wewe nakufunga!"

Akakata. Kamis alipiga tena, na simu haikuita hata mara moja.

"Amekublok," Jalia alisema. Alijipangusa maji usoni, akafikiri, halafu akafungua pesa za simu kwenye simu yake, akajifanya anataka kutuma hela kidogo kwenye namba ile. Kabla ya kutia namba ya siri, mashine ilimuuliza kwa heshima zote kama kweli anataka kumtumia Akullo, na jina la pili. Akaikataa.

Kamis aliangalia kioo, akaangalia mlango wa ofisi waliyotoka.

"Si yule kijana alisema ni siri?"

"Ni siri kwake, Baba."

Jioni hiyo Monique aliposikia jina na kelele za mtumbwi, alipiga paja lake. "Akullo wa Ggaba? Mrefu, hana mchezo, anauza ngege na sangara karibu na mzani? Huyo mimi namununulia samaki. Lakini Papa Sharifah, umwendee polepole. Ule si mtu wa kupigiwa kelele."

* * *

Walimkuta Akullo Ggaba, kando ya ziwa, amekalia kreti la soda lililopinduliwa, kisu mkononi, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Juu ya meza ya mabati, kwenye kipande cha ubao, namba ya Kaltuma ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama za basi. Kamis aliitambua kabla ya kumtambua mtu. Akasimama hapo akiisoma, yeye asiyesoma.

Monique alisalimu, akaeleza. Akullo hakuacha kuparua.

"Kwa hiyo ni wewe Mzee wa jana."

"Ni mimi. Nisamehe, mwanangu. Nilikuja vibaya."

"Mimi nilinunua laini hii kwa pesa yangu, na kitambulisho yangu. Tangu mvua hizi zianze. Sikuiba."

"Hukuiba."

"Usiniombe niirudishe. Mahoteli yote yananipigia hapa." Alionyesha ubao kwa kisu. "Ile rangi yenyewe nililipa mtu."

"Siombi laini," Kamis alisema, na ilimuuma, kwa kuwa hilo ndilo alilokuja kuomba. "Kuna msichana anapiga kutoka nje. Ni binti yangu."

Kisu kilisimama. Akullo alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama Jalia, akiufananisha uso wake na sauti fulani.

"Ule mtoto anayelia mama?"

"Huyo."

"Ayaa." Alijifuta mikono kwenye aproni ya plastiki, ambayo ilizidi kuichafua. "Sikiliza, Mzee. Mara ya kwanza alipiga, nikamwambia mama yako hayuko, hii ni ya mimi. Akasema basi niitie mama. Simu si yake, akasema, nisimpigie, watamuua mwenye simu. Nikafikiri ni mtoto amechanganyikiwa. Halafu watu wa Bombo, watu wa kikundi, wote wananitafutia Kaltuma. Mmoja akaniambia, ah, kumbe, Kaltuma alikufa, mimi nilisahau kufuta namba yake. Kwa hiyo mtoto alipopiga tena..." Aligeuza samaki upande wa pili.

"Ulimwambia," Jalia alisema.

"Nilimwambia. Nilisema, mwanangu, pole, watu wanasema mwenye namba alikufa. Akakata. Mimi nikasema imeisha. Siku nyingine tena: mama! Nikaogopa. Dada mmoja wa kanisani alinifundisha: namba ya nje ikikupigia mara nyingi, ni wezi, ukipokea wanakula pesa yote kwenye simu. Funga. Nikafunga."

Hakuna aliyemlaumu. Lilikuwa ni shauri zuri. Jalia mwenyewe aliwahi kulituma Ijumaa moja.

"Naomba nione," alisema.

Akullo alisita, akampa. Jalia alifungua orodha ya waliozuiwa. Namba ya baba yake ilikuwa juu kabisa. Chini yake kulikuwa na nyingine ndefu yenye alama ya kujumlisha, na simu ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila ilipobisha hodi ikakataliwa. Ilibisha mara nyingi. Ya mwisho ilikuwa juzi.

"Haamini," Jalia alinong'ona. "Baba, hakuamini alichoambiwa. Ndiyo maana bado anapiga."

Aliifungua namba ile ili iweze kuita tena. Alimuuliza Akullo kama angeweza, msichana akipiga tena, kumtajia namba nyingine. Akullo alitikisa kichwa: hasomi, na mikono yake iko kwenye samaki, na mtoto mwenyewe anasema haraka kama anafukuzwa.

"Nitakaa hapa," Kamis alisema.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Sitakuzuia kazi."

Akullo alitazama watu wanaopita na makarai, matope, ndege wanaogombania matumbo ya samaki. "Kama wateja watauliza, nitasema ni mume wangu mpya," alisema. "Watanihurumia, wataongeza bei."

Jalia alimfundisha baba yake kama anavyofundishwa mtoto sura fupi. Kwanza namba yangu, Baba, umwimbie mpaka aishike. Pili mtaa, jina la bwana wa nyumba, msikiti ulio karibu, chochote. Nikipata hilo, wapo watu wa kumtafuta. Mambo ya mama ni ya mwisho, hata akilia. Ana dakika moja. Maneno ya mama yataila yote.

"Nimeelewa."

"Rudia."

Alirudia. Jalia alimfanya arudie mpaka Akullo naye akawa anaijua namba ya Jalia.

* * *

Simu iliita siku ambayo Jalia alikuwa na mtihani Kyambogo. Akullo alikuwa katikati ya ngege mkubwa, vidole vimejaa damu. Aliinama akaitazama, akamtazama Kamis, akabonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiwekea spika.

"Mama?"

Sauti ilikuwa nyembamba, imekaa chini.

"Sharifah. Mimi ni baba."

Pumzi. Halafu kama mtu anayecheka na kulia kwa mdomo mmoja: "Baba! Una simu ya mama! Nilijua. Nilijua yule mwanamke ni mwongo. Nipe mama."

Akullo aliinamisha uso kwenye samaki.

"Sikiliza, mwanangu, shika namba ya Jalia. Sifuri, saba, saba..."

"Sina pa kuandika, Baba, niko nyuma ya tangi la maji. Nipe mama. Neno moja tu."

"Mtaa gani huko? Bwana wa nyumba anaitwa nani? Taja haraka."

"Baba."

"Au msikiti..."

"Baba, mama yuko?"

Uongo ulikuwepo. Ulikuja wote kwa pamoja ukapanga foleni kwenye ulimi: amelala, yuko Bombo, ana kikohozi. Angeuchukua wowote, binti angetulia, namba ingeimbwa, mtaa ungetajwa. Alitafuta kwa macho mtu wa kumdaka mtoto wake, akaona kreti, mzani, karai la matumbo. Huko aliko hakukuwa na mkono wa kushika.

"Mwanangu," alisema, "shika ukuta."

Hakuhitaji kuongeza. Upande wa pili kitu kiligonga bati kwa uzito.

"Lini?" aliuliza Sharifah.

"Kabla ya mfungo."

"Huu uliopita?"

"Huo."

"Nilipiga Idi. Ulisema anakula. Ulisema dawa inamsaidia."

"Wazee walikaa, wakaona kwa vile uko peke yako..."

"Wazee gani?"

"Wazee wa nyumbani. Waliamua usiambiwe kwa simu."

"Wewe si mzee, Baba?"

Kamis, ambaye hakuwahi kushindwa na redio, alitazama ubao wenye namba ya Kaltuma.

"Idi ile nilikuwa na simu yangu," Sharifah aliendelea. Hakuwa analia tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na pasipoti nilikuwa nayo. Mkataba uliisha. Madamu akaniuliza, unarudi kwenu au unaongeza? Nikaongeza, Baba. Kwa ajili ya dawa ya mama. Nilitia kidole mwenyewe. Baada ya hapo ndipo walichukua kila kitu. Niliongeza kwa ajili ya nani?"

"Sharifah, namba, shika namba, sifuri saba saba..."

"Kwa ajili ya nani?"

Mwanamume alipiga kelele kwa Kiarabu, si mbali. Kitu kilikwaruza chini. Simu ikafa.

Kamis aliendelea kuitaja namba ya Jalia mpaka tarakimu ya mwisho, kwa sauti, mbele ya meza ya samaki. Mpaka leo hajui kama Sharifah aliisikia japo nusu.

"Wamemkata," alisema.

"Nani?" Akullo aliuliza.

Alifungua kinywa. Majina aliyokuwa nayo yalikuwa mengi: kampuni, wakala mwenye kufuli, wakubwa wa mihuri, mkutano usiokwisha. Alikuwa ameyapanga miezi yote. Hakuna hata moja lililomwambia Sharifah kwamba mama yake anakula vizuri. Akullo, ambaye hakuwa mtu wa kungoja, alichukua kisu chake akarudi kwenye magamba.

Halafu simu iliita.

Kamis aliirukia, akaangusha karai, akaifikisha sikioni kwa mikono miwili. "Sharifah! Sharifah, niko hapa!"

Aliyekuwa akipiga alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Munyonyo. Aliuliza kama amekosea namba.

Akullo aliichukua simu polepole kutoka mikononi mwa mzee, akaifuta begani, akaiegemeza kwenye sikio.

"Haloo, bosi. Hapana, hujakosea," alisema. "Ni mimi mwenyewe. Unataka wakubwa au wa kati?"